Kimeng'enya cha Hind na Boko Boko la Sikukuu

Mtaani kwetu Kiponda ukiuliza Hind binti Nasser anafanya kazi gani, kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna lililokuwa sahihi. Mwenye duka la kona alisema ni daktari asiyetibu. Bi Mwatum wa nyumba ya nyuma aliamini kabisa kwamba Hind anafuga panya, na wakikutana njiani alikuwa akilikusanya baibui lake lisimguse. Mimi nimekaa naye nyumba moja tangu utotoni, mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, nguo zake zote nimeshona mimi tangu nilipojua kukanyaga cherehani, na bado ilinichukua miaka kuelewa. Kwa hiyo majirani siwalaumu sana. Namlaumu Hind mwenyewe, kwa sababu ukimwuliza anaeleza, na akishaanza kueleza hanyamazi mpaka chai ikapoa.

Nitaeleza nilivyofahamu mimi, fundi cherehani. Kuna kirusi kimoja cha panya ambacho hakina ugomvi na binadamu. Ndani yake kina kimeng'enya, yaani kitu kidogo mno kisichoonekana ambacho kazi yake ni kunakili: kinausoma uzi wa kirusi na kutengeneza uzi mwingine wenye maneno yale yale, ulio imara zaidi. Watu wa maabara walikichukua kile kimeng'enya, kirusi wakakiacha, wakawa wanakitumia kugundua virusi vya kila namna katika damu za wagonjwa. Uzi ukishanakiliwa, mashine zinaweza kuuzidisha mpaka ukaonekana.

Taabu yake ni joto. Uzi wa kirusi una tabia ya kujikunja na kujipiga mafundo, na ili unyooke unataka joto, kama kitambaa kinavyotaka pasi. Lakini ukilipandisha joto, kimeng'enya chenyewe kinaharibika, na kikishaharibika hakirudi tena. Hata kabla ya kuanza kazi kinataka kukaa kwenye barafu tangu siku kilipotengenezwa, na hapa kwetu Unguja barafu inafuata umeme, na umeme unafuata mambo yake wenyewe. Vilivyoagizwa Ulaya vilikuwa vikifika vimekwisha kufa, ndani ya maboksi mazuri sana. Basi damu za wagonjwa wetu zikapelekwa ng'ambo kupimwa, na majibu yakirudi mwenyewe kishapona au kishazikwa.

Hind alitaka kukibadilisha kimeng'enya hicho kistahimili joto. Ukilisikia jambo lenyewe linavyotamkwa unaweza kudhani ni kazi ya mwezi mmoja.

Aliondoka mwaka 1985, msichana wa miaka ishirini, kwenda Leipzig, Ujerumani ya Mashariki, kusoma kemia. Mama mkubwa Bahiya, mama yake, alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege bila kutoa chozi, akarudi nyumbani akaacha kula wali kwa muda mrefu, akisema unamkaa kifuani. Hind naye alikuja kutusimulia baadaye kwamba siku za mwanzo huko alipita mbele ya majumba marefu ya ghorofa yaliyofanana kabisa na ya Michenzani hapa mjini kwetu, isipokuwa yamefunikwa na theluji, akasimama pale barabarani analia huku watu wanampita. Mimi nilicheka niliposikia, kisha nikamtazama usoni nikaacha kucheka.

Nchi ile ikabadilika, ikaungana na nyengine, yeye akabaki huko huko. Akapata udaktari wake wa vitabu, akaajiriwa na profesa mmoja ambaye maisha yake yote ni vimeng'enya. Ami Nasser, baba yake, alipofariki mwaka 1996, Hind alikuja kwenye msiba na hakurudi. Profesa alikuwa mtu mwema na alimthamini. Alimpa mashine kuukuu, akamwambia afanye kazi hiyo Unguja, lakini mwisho ni Februari ya 1999. Akifika hapo hana kimeng'enya cha kuonyesha, mashine zinarudi na yeye anarudi, nafasi yake Leipzig inamngoja.

Nyumbani sote tulilijua hilo. Mama mkubwa alikuwa akisema mbele ya watu, "Ukiitwa nenda. Sikukuzaa uje kunilinda mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anachambua mchele. Lakini mimi chumba changu kiko ukuta mmoja na chake, na nilikuwa nikimsikia anavyomwomba Mola baada ya sala, na hakuwa akiomba Hind aitwe. Na mimi pia nilitaka abaki, nasema bila haya. Nyumba ile yote isiyokuwa na Hind niliionja miaka kumi na moja, na sikuipenda hata siku moja.

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja Mbweni, nyuma ya zahanati ya mtu binafsi. Huko alikuwa akiibadilisha jeni ya kile kimeng'enya, hapa kidogo, pale kidogo, mara kwa kukusudia na mara kwa kubahatisha, kisha anaitia ndani ya bakteria wapole wasiodhuru mtu. Bakteria ndio wanaomtengenezea kimeng'enya kipya. Anakikamua, anakisafisha, anakitia joto, kisha anakipima kama bado kinanakili. Kipimo chenyewe kilikuwa kipande cha jeli chini ya taa ya zambarau: kimeng'enya kikiwa hai unaona mstari unang'ara, kikiwa kimekufa unaona giza. Aliona giza sana. Vilivyonusurika alivibadilisha tena, akavitia joto tena, na ndivyo miaka yake ilivyokwenda.

Vichupa vyake mwanzo vilikuwa na namba. Namba zikamchanganya, akaamua vile vizuri zaidi avipe majina ya watu wa mtaani. Kulikuwa na Jecha, kulikuwa na Mwatum, ambaye mwenyewe asingefurahi kujua. Kulikuwa na Wakil, jina la jirani yetu anayekaa barazani kwake jua likimpiga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anasoma gazeti lile lile, na hata paka wakipigana miguuni pake hasogei. Na kulikuwa na Muzna, jina langu mimi. Niliona fahari, mpaka nilipouliza sifa zake, Hind akaniambia Muzna ana kasi kushinda wote lakini joto likizidi kidogo tu anakasirika na kuharibika. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Vichupa hivyo alivisafirisha ndani ya deli, lile boksi la plastiki ambalo wauza barafu hubebea barafu zao zisiyayuke. La kwake lilikuwa la buluu, na lilikuwa na sheria moja tu: mtu asilifungue. Siku moja mama mkubwa alilifungua akatia humo samaki wake wa kesho, na Hind, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, alimpandishia mama yake sauti. Kisha akakaa wiki nzima anambusu mikono na kumwomba radhi. Tangu hapo hata likiwa katikati ya njia tulilizunguka. Mimi nilikuwa nikilipita bila kulitazama, kama mume wa mtu.

Basi Ramadhani ile ya mwisho, Januari ya 1999, umeme ukakatika. Waya za chini ya ardhi ziliungua, Mji Mkongwe wote ukawa kiza, na Mbweni nako vivyo hivyo. Vimeng'enya vyote bora vya Hind, kazi ya miezi mingi, vilikuwa kwenye friza ambayo sasa ilikuwa kabati tu. Michenzani umeme ulikuwapo. Hind akavitia vichupa ndani ya deli na barafu iliyobaki, akaenda kwa Sichana.

Sichana ni mtu wa Makunduchi, aliletwa mjini mdogo akalelewa na shangazi yake, na yeye na Hind walikaa dawati moja skuli. Anakaa ghorofa ya tatu na mumewe Makungu, anauza barafu za ubuyu na ukwaju, na friza yake ni kubwa kuliko kitanda chake. Ni mtu mwenye roho ya kutoa kupita kiasi. Ukimpelekea sahani ya kaimati anakurudishia sahani hiyo hiyo ina nusu ya kuku. Deli halikuingia kwenye friza, kwa hiyo walivitoa vichupa, wakavifunga kwenye mfuko, wakavilaza chini ya barafu za ukwaju. Deli tupu likabaki jikoni kwa Sichana. Hind akamwomba amwekee vitu hivyo mpaka umeme wa kwetu urudi, akamshukuru, akaondoka kuwahi kufuturu.

Umeme ulirudi siku moja kabla ya sikukuu. Hind alipanga kuvifuata vichupa vyake baada ya shamrashamra za Iddi. Asubuhi ya Iddi yenyewe, badala ya kukaa na wageni kama watu, alikwenda Mbweni kuangalia kama mashine zake zimesalimika umeme uliporudi kwa kishindo. Mimi na mama mkubwa tukabaki kupokea watu.

Mapema asubuhi, watu wametoka tu kuswali, Makungu akapiga hodi. Amevaa kanzu mpya na amelifunga deli la buluu nyuma ya vespa yake. Akamwamkia mama mkubwa shikamoo, akanywa kahawa, akala visheti, akasema kila kitu cha Bi Hind kimo humo, mkewe anawapa mkono wa Iddi, na yeye anawahi Bububu kwa jamaa zake. Nikalipokea deli, nikashangaa uzito wake, nikaliweka kwenye ukumbi penye kivuli. Nikaona nimefanya vyema sana.

Haikupita muda mama mkubwa akaanza kunusa. Akaniambia anasikia harufu ya boko boko. Nikamwambia inatoka kwa Bi Mwatum. Akasema boko boko la Bi Mwatum halijapata kunukia samli kiasi hicho tangu azaliwe. Wageni wakaja, wakaondoka, wengine wakaja, na kila mmoja akisema nyumba hii leo inanukia vizuri. Na sisi tumekaa pale, deli katikati yetu, watu wazima wenye akili zetu timamu, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuligusa. Ndivyo Hind alivyotufunza, na tulikuwa tumefunzika barabara.

Alirudi alasiri. Akaliona deli, akauliza limefikaje, nikamwambia. Akapiga magoti akalifungua, na mvuke ukampiga usoni.

Ndani mlikuwa na sufuria kubwa la boko boko, limefungwa taulo vizuri kama mtoto mchanga. Sichana alijua kwamba mama mkubwa meno yake yamekwisha na kwamba asubuhi ya Iddi kwake si Iddi bila boko boko, ngano na nyama vilivyopondwa mpaka vikawa kitu kimoja. Alilipika usiku kucha kwa ajili yake. Deli la watu halirudishwi tupu, hilo kwa Sichana halina mjadala, na sufuria lilikuwa linaenea humo sawasawa. Vichupa akavizungushia gazeti, akavitilia vipande vya barafu, akavibananisha ubavuni mwa sufuria. Aliamini kwamba deli ni kitu cha kuhifadhi, basi litahifadhi cha baridi kwa baridi yake na cha moto kwa moto wake. Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji, na maji yenyewe ya moto.

Hind alikaa chini sakafuni. Alikitoa kichupa kimoja kimoja, anakishika, anakirudisha. Mimi nilikuwa tayari kwenda Michenzani na kanga yangu kiunoni nikamwambie Sichana maneno ambayo angeyakumbuka. Mama mkubwa alisimama mlangoni, na nilipomtazama nikaona anajua, kama nilivyojua mimi, kwamba hiyo ndiyo tiketi ya Leipzig imekatwa.

Hind akainua kichwa. "Leteni sahani," akasema. "Tule kabla halijapoa."

Tukala. Sitasema uongo, lilikuwa boko boko zuri kuliko yote niliyopata kula, na nilikasirika nalo kwa uzuri wake. Hind alikula huku machozi yanamdondoka sahanini, akaomba aongezwe.

Iddi ya pili, wenzake wanatembelea jamaa, yeye akaenda Mbweni na vichupa vilivyopikwa. Nilimwuliza vya nini, akasema hajui kutupa kitu kabla hajakitazama. Hilo ni kweli, hata sindano zangu zilizovunjika alikuwa akiziokota. Akavipima vyote. Jeli ikatoka giza, giza, giza. Jecha amekufa. Mwatum amekufa. Muzna, bila ya shaka, alikuwa wa kwanza kufa. Kisha chini kabisa, mstari mmoja, mwembamba lakini unang'ara. Wakil.

Aliporudi nyumbani jioni alikuwa anazungumza peke yake. Wakil alikuwa hajapata kumvutia. Katika majaribio yake yote alikuwa akivitia joto kwa muda mfupi, kama dunia nzima ilivyofanya, na kwa muda mfupi Wakil alikuwa mzito, wenzake wakimpita kwa kasi. Hakuna aliyefikiria kuwaweka motoni tangu asubuhi mpaka alasiri. Sasa wenye kasi wote walikuwa wamekwisha, na huyu goigoi bado anafanya kazi.

Lakini furaha yake ilikuwa nusu. Alinifahamisha kwamba jambo lililotokea mara moja, bila kujua joto lilikuwa kiasi gani na lilidumu muda gani, kwa watu wa sayansi ni hadithi tu ya barazani. Ilibidi litokee tena, na safari hii lipimwe. Mabaki ya Wakil yalikuwamo kwenye sahani za bakteria Mbweni, huyo mmoja, si wote, angewahi kumtengeneza upya. Alichokosa ni boko boko.

Na Sichana alikuwa haonekani. Habari zilikwisha kumfikia, sijui kwa mdomo wa nani, mji huu haukosi. Alifunga biashara yake ya barafu, hashuki ngazi. Makungu alikuja kwetu uso umemshuka, akaketi pembeni ya kiti, akasema mkewe amemtuma aje kuomba msamaha kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuutazama uso wa Bi Hind. Alisema Sichana halali, anasema ameharibu kazi ya mwenzake na sasa mwenzake atafukuzwa kwao kwa ajili yake. Hasira zangu zikaniishia pale pale. Nilitamani zibaki lakini hazikubaki.

Tukaenda Michenzani, mimi na Hind, tukapanda ngazi zile. Sichana alitufungulia amejitanda kanga mpaka usoni. Hind akamsalimia, akakaa jikoni kama zamani, akamwambia anataka ampikie boko boko. Sichana alidhani anasimangwa. Nilimwona anavyoinama, na roho yangu iliniuma.

"Hind," akasema, "nshakukosea mara moja. Usintie aibu mara ya pili."

"Skiliza, dada yangu. Nnataka boko boko lile lile. Sufuria lile lile, taulo lile lile, na ulifunge wewe kwa mkono wako, mimi siwezi kulifunga vile. Kama hukunipikia, mimi nnakwenda Leipzig kweli. Ukinipikia, huenda nikabaki."

Sichana akaufunua uso wake. Kisha akauliza ngano aipate kwa nani siku hizi, maana aliyokuwa nayo imekwisha, na mimi nikajua mambo yametengenea.

Alilipika tena. Usiku kucha kama mwanzo, hakukubali kupunguza hata kidogo. Asubuhi Hind akaja na Wakil mpya na kipimajoto chenye waya mrefu, ncha moja ndani ya deli karibu na vichupa, na kisanduku chake nje. Wakafunga. Tukakaa jikoni kwa Sichana siku nzima tunakitazama kisanduku kile. Joto lilipanda mpaka likavuka sitini, likakaa huko, kisha likaanza kushuka taratibu sana, na kila Hind aliposoma, Sichana alikuwa akiuliza, "Liko vizuri?" kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Baada ya alasiri tulikwenda Mbweni sote watatu. Hind akazima taa, akawasha ile ya zambarau, na Sichana, ambaye hakuwa amepata kuona mambo hayo, akauona mstari kabla yangu. Akaanza kulia tena, lakini kilio chengine.

Kisha akalipika mara ya tatu, kwa sababu Hind alisema mara mbili hazitoshi. Mtaa mzima ulikula boko boko mwezi ule mpaka watu wakaanza kukimbia.

Hind akampigia profesa simu kutoka nyumbani. Walizungumza Kijerumani, nami nilisimama pale nikisoma uso wake. Alipoweka simu akatueleza. Profesa amefurahi, lakini haamini. Hakusema kwa ubaya. Alisema kimeng'enya kukaa katika joto kama hilo siku nzima ni jambo lisilosikika, na nchi yenye umeme wa kukatika kipimo chochote kinaweza kudanganya. Akamtaka akifungashe kwenye barafu kavu, apande nacho ndege, aje alirudie jaribio Leipzig mbele yake, na nafasi yake ipo, asaini tu.

Mama mkubwa akasema, "Basi nenda, mwanangu," na akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake Hind alichukua kichupa kimoja cha Wakil, akakizungushia pamba, akakitia kwenye bahasha ya kawaida. Akatia na kipande cha karatasi chenye tone lililokauka la jeni yake, ambayo hiyo haidhuriki na safari. Hakuweka barafu hata kipande. Akaenda posta ya Shangani akaituma kama mtu anayetuma kadi ya Iddi. Kisha akampigia profesa akamwambia kitu hicho hakihitaji mtu wa kukisindikiza. Kitapita Dar es Salaam, kitalala kwenye mabohari yenye mabati juu, kitakaa uwanja wa ndege juani, na kikifika akipime mwenyewe, kwa umeme wake mwenyewe usiokatika. Kikifika kimekufa, yeye Hind atapanda ndege inayofuata na atasaini.

Nilimwambia amefanya wazimu. Alikuwa na hakika na joto la sufuria, lakini nani ana hakika na posta? Alinijibu kwamba kama hakiwezi kufika Leipzig bila barafu, basi hakiwezi kumfaa mgonjwa wa Makunduchi pia, na yeye hana haja ya kubaki hapa kukitetea.

Tukangoja. Februari ile jua lilikuwa kali kupita kiasi, na kila mchana nilipokuwa nashona jasho linanitiririka nilikuwa nikiifikiria bahasha ile. Sikupata kukiombea dua kitu kisichoonekana ila safari ile. Mama mkubwa alikuwa mpole mno, mpole wa kutisha, na jioni jioni alikuwa akitoka peke yake kwenda Darajani, akirudi hasemi alifuata nini.

Simu ililia asubuhi, Hind yuko bafuni. Akatoka mbio na kanga imeloa. Alisikiliza muda mrefu. Akauliza kitu, akasikiliza tena, akakaa chini akauegemea ukuta. Sisi wawili tumesimama. Akaweka simu polepole, akasema kimefika, wamekipima, kinafanya kazi. Profesa amekipima mwenyewe mara mbili kwa sababu hakuamini ya kwanza. Anataka waandike pamoja, na mashine zinabaki Mbweni, na anatuma nyengine.

Mama mkubwa hakusema alhamdulillahi, yeye ambaye huisema hata akipata kijiko kilichopotea. Aliuliza, "Kwa hiyo hwendi?"

"Siendi, mama. Nnabaki hapa hapa."

Mama mkubwa akageuka akaingia chumbani kwake. Tukasikia kabati linafunguliwa. Akatoka amebeba koti zito la sufu, jeusi, lenye bitana nene, jipya kabisa, akamwekea Hind mapajani. Alikuwa amelishonesha kwa fundi wa Darajani. Hakuja kwangu, mpwa wake, fundi aliye naye ndani ya nyumba, kwa sababu hakutaka mtu yeyote ajue kwamba amekwisha kukata tamaa. Niligeuza mshono mmoja nikauona umekwenda upande, nikanyamaza.

"Nlisema usiende ukapata baridi," mama mkubwa akasema, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokifungia tangu siku ile ya uwanja wa ndege, amekaa chini, hajifichi.

Hind akasimama akalivaa lile koti juu ya kanga iliyoloa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akakaa sakafuni karibu na mama yake akamlaza kichwa begani. Nilimwambia alivue atazimia, jasho lilikuwa linamtona puani. Hakulivua mpaka adhana ya adhuhuri.